Maswali ya Wasomaji: Vifaa Virefu Katika Karakana ya Seremala

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zinahusu vifaa visivyotoshea kwenye sanduku la fundi wala kwenye droo: klampu za kubania mbao zinapounganishwa kwa gundi, rula ndefu, pima maji, misumeno, patasi za kukerezea na tepe za misumeno ya mashine. Karibu wote walioandika wameuliza kifaa kikae wapi. Katika majibu nimelirudisha swali nyuma hatua moja, kwa sababu kifaa kirefu kina ncha mbili na macho ya anayekichukua kwa kawaida hufuata moja tu. Kabla ya kuchagua ukuta, inafaa kujua ile ncha nyingine itapita wapi wakati kifaa kinatolewa na wakati kinarudishwa.

Swali: Fundi, ninazo klampu 12 za bomba, kila moja ikiwa na urefu wa mita 1.5. Awali nilizisimamisha kwenye kona, lakini ikiguswa moja huanguka tatu. Nikazitundika kwenye mikono miwili ya chuma iliyotokeza ukutani, zikawa zimepangana moja mbele ya nyingine, na sasa skrubu za juu zimeanza kung'oka. Je, nitumie skrubu nene zaidi?

Skrubu nene zitachelewesha tu kung'oka huko, kwani kasoro haipo kwenye unene wa skrubu bali kwenye umbali wa mzigo kutoka ukutani. Tuanze na mzigo wenyewe. Bomba la chuma la inchi 3/4, ambalo hutumika sana kwa klampu za aina hii, lina uzito wa takriban kilo 1.7 kwa kila mita. Kwa hiyo mita 1.5 ni kama kilo 2.5, na ukiongeza kichwa chenye skrubu pamoja na taya inayoteleza unakaribia kilo 4. Klampu 12 ni kilo 48 hivi, yaani karibu mfuko mzima wa saruji unaoning'inia mbele ya ukuta wako.

Ikiwa mikono hiyo inatokeza sentimita 40 na klampu zimeijaza, mzigo wote ni kama umekusanyika katikati yake, sentimita 20 kutoka ukutani. Mikono hapo inakuwa wenzo: inataka kuzunguka juu ya ukingo wake wa chini, ambao unaukandamiza ukuta, na kinachoizuia ni skrubu za juu peke yake. Tuchukulie kwamba bamba lililofungwa ukutani lina sentimita 10 kutoka skrubu za juu hadi ukingo wa chini. Nguvu inayozivuta skrubu kutoka ukutani ni 48 mara 20 gawanya kwa 10, sawa na uzito wa kilo 96, ambao ni maradufu ya mzigo uliotundika. Bamba hilo likirefushwa kwenda chini hadi sentimita 40, mvuto huo unashuka na kuwa kilo 24, ingawa skrubu ni zilezile.

Hilo ni suluhisho moja, nalo linatosha ikiwa nafasi ya ukuta ni finyu. Lakini mimi ningezipanga klampu zifuatane kando ya ukuta, kila moja ikiwa imeukaribia, badala ya kuzijaza mbele kuelekea ulipo wewe. Mzigo ukiwa sentimita 5 tu kutoka ukutani, hata bamba lile fupi la sentimita 10 litavutwa kwa kilo 24, na hizo zitagawanywa kwa skrubu nyingi zilizotandazwa kwenye ubao mrefu. Faida kubwa zaidi ni kwamba kila klampu inatoka yenyewe bila kuigusa jirani yake. Katika mpangilio ulio nao sasa, anayehitaji klampu ya nyuma hulazimika kuziondoa za mbele, na kwa kuwa wakati huo gundi imeshapakwa na inaanza kukauka, mtu huvuta kwa haraka. Hapo ndipo mikono ya chuma hupata mishtuko ambayo hesabu ya uzito uliotulia haiioneshi.

Chukua ubao mgumu wenye unene wa milimita 40 na uukate mikato iliyo wazi upande wa mbele. Bomba la inchi 3/4 lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 27, kwa hiyo mkato wenye upana wa milimita 30 unatosha. Ukiuacha mpana zaidi, kichwa kitainama upande mmoja. Acha sentimita 10 au zaidi kati ya mkato na mkato, kulingana na upana wa vichwa vyako, na upige kijiti cha kimo cha sentimita 2 mbele ya mikato yote ili klampu inyanyuliwe kidogo kabla ya kutoka, isije ikateleza yenyewe kwa kuguswa na bega la mpita njia. Chini, karibu na ncha za mabomba, weka ubao mwingine mwembamba wenye ukingo ili zisibembee. Skrubu ziingie kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, au kwenye zege au tofali lisilo na uwazi. Lipu peke yake na bodi nyepesi za ukutani havihesabiwi kuwa ni ukuta kwa mzigo wa namna hii.

Kuhusu kimo, bomba la mita 1.5 linataka mkato ulio kama mita 1.6 kutoka sakafuni, na hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho ningekikubali, maana juu ya hapo mtu huanza kuinua kilo 4 kwa mikono iliyonyooka juu ya kichwa. Klampu za mita 2 na kuendelea zilazwe kwa ubavu, kimo cha kiuno, juu ya vishikio vitatu. Angalia tu kwamba klampu iliyolala, ukiivuta kwa kuifuatisha urefu wake, inahitaji nafasi tupu ya mita 2 nyingine mbele yake. Kama hakuna nafasi hiyo, vishikio viwe wazi kwa mbele ili itoke kwa ubavu.

Swali: Rula yangu ya alumini ya mita 2, ambayo naitumia kuongozea msumeno wa umeme na kukagulia unyoofu wa mbao, huwa naiegemeza ukutani. Mwenzangu anasema itapinda na haitanyooka tena. Je, ni kweli?

Mwenzako amekosea sababu, lakini ushauri wake ni wa kufuatwa. Rula ya alumini iliyoegemezwa hupinda kweli kwa uzito wake, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyopinda kwa kasi ya kushangaza: kwa rula mbili zenye umbo na unene sawa, zilizoshikiliwa ncha zote mbili zikiwa zimelala, iliyo ndefu mara mbili hubonyea katikati mara 16, kwa kuwa mbonyeo huo hukua kwa kipeo cha nne cha urefu. Hata hivyo, chuma na alumini zikipinda kidogo namna hiyo hurudi zilivyokuwa mara tu uzito unapoondolewa. Mbao ndizo zisizorudi zote. Rula ya mbao iliyoegemezwa kwa miezi mingi hulizoea pindo, hasa katika hewa yenye unyevu unaopanda na kushuka, na hiyo ndiyo inayostahili onyo la mwenzako.

Kinachoiharibu rula ya alumini ni kuanguka. Chuma hicho ni laini, na ukingo ukigonga sakafu ya saruji hupata kovu lenye mdomo uliotokeza ambao hauonekani kwa urahisi, lakini unauinua ukingo kutoka kwenye ubao unaokaguliwa na kukupa habari ya uongo. Kwa hiyo itundike. Rula iliyoning'inia kwenye tundu lililo karibu na ncha yake, ikiwa wima na haijaegemea chochote, hubeba uzito wake kwa kufuata urefu, na hakuna kitu kinachoipinda. Msumari wa kuitundikia uwe na kichwa kipana, au tumia kigingi cha mbao kilichoinamia nyuma kidogo.

Kama dari lako ni la chini na huna budi kuilaza, isimamishe kwa ukingo wake mwembamba juu ya vishikio viwili, kila kimoja kikiwa kwenye asilimia 22 hivi ya urefu kutoka nchani. Kwa rula ya mita 2 hiyo ni sentimita 44 kutoka kila upande. Mafundi wa vipimo wamezifahamu nukta za aina hii tangu karne ya 19, na majina ya wanasayansi George Biddell Airy na Friedrich Wilhelm Bessel yamebaki kwenye nukta mbili zinazokaribiana sana na hapo. Kwa kazi ya useremala, tofauti kati ya nukta ya mmoja na ya mwingine haina maana yoyote. Lililo muhimu ni kutoiweka rula juu ya vishikio vya nchani kabisa, ambavyo ndivyo kila mtu huvipiga kwanza kwa sababu vinapendeza machoni.

Liangalie pia jua. Alumini hurefuka kwa takriban milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, ambayo ni karibu maradufu ya chuma cha kawaida. Rula ya mita 2 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka milimita 0.9, lakini ikipashwa joto sawasawa hubaki imenyooka. Tatizo ni joto la upande mmoja: rula yenye upana wa sentimita 10, ukingo mmoja ukiwa na nyuzi 5 zaidi ya mwingine, hupinda zaidi ya nusu milimita katikati. Iliyotoka kwenye mwanga wa dirisha iachwe juu ya meza kwa dakika chache kabla ya kuaminiwa.

Na ukitaka kumaliza ubishi na mwenzako, huhitaji kifaa kingine. Chora mstari mwembamba juu ya ubao mpana kwa kufuata ukingo wa rula, kisha igeuze rula upande wa pili kama mtu anayegeuza ukurasa, ilinganishe na ncha zilezile mbili na uchore tena kwa ukingo uleule. Mistari ikiachana milimita 0.5 mahali fulani, kosa la rula hapo ni robo milimita, kwa sababu kugeuza kumelionesha kosa mara mbili. Pima maji ndefu nayo hukaguliwa kwa kugeuzwa: iweke, soma mahali pa kiputo, izungushe ili ncha ya kushoto iende kulia palepale ilipokuwa, na kiputo lazima kisimame mahali pale pale.

Swali: Patasi zangu za kukerezea, nyingine zikiwa na sentimita 60 pamoja na mpini, zimepangwa kwenye ubao nyuma ya mashine ya kerezo ili ziwe karibu. Je, zikae makali juu au makali chini?

Kabla ya makali, ziondoe hapo. Patasi iliyo nyuma ya kerezo hufikiwa kwa kuupitisha mkono juu ya kipande cha mti kinachozunguka, na mkono wa shati, uzi wa aproni au patasi yenyewe ikigusa kipande hicho huvutwa kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Aidha, wanaozima mashine kila wanapobadilisha patasi ni wachache, na hao nawapongeza, lakini karakana haipangwi kwa kuwategemea watu wa namna hiyo. Ziweke upande wa mkia wa mashine, au kwenye kigari kidogo kilicho nyuma ya mkono wako wa kulia, nje ya mstari ambao kipande kingerukia kama kingevunjika. Mstari huo unatoka kwenye kipande moja kwa moja, kwa pembe mraba na mhimili wa mashine.

Sasa makali. Makali yakiwa juu, unaitambua patasi kwa kuiangalia, lakini unanyoosha mkono kati ya visu vilivyosimama. Makali yakiwa chini, mkono unakutana na mipini ambayo mara nyingi inafanana. Ninachokipendekeza ni vipande vya bomba la plastiki vilivyopangwa kwa safu na kuinamia nyuma, patasi zikiingia makali kwanza, na kila mpini uwe umechongwa alama au kupakwa rangi yake mwishoni. Chini ya kila bomba acha wazi ili takataka za mti zidondoke, na weka kizuizi cha mbao laini ambacho chuma cha patasi kitafikia bila kuharibu makali.

Swali: Nina misumeno mirefu ya mkono, pamoja na mmoja wa watu wawili, imetundikwa kwenye ukuta wa tofali, na kila msimu wa mvua hupata kutu ingawa naipaka mafuta. Tatizo ni nini?

Inaelekea ni ukuta. Tofali hunyonya maji kutoka ardhini na nje, na bapa la msumeno lililolala juu yake hukaa katika hewa yenye unyevu kuliko hewa ya chumba kizima. Chuma huanza kupata kutu kwa kasi hewa inapopita takriban asilimia 60 ya unyevu, na nafasi nyembamba iliyo kati ya bapa na tofali huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Piga vipande vya mbao vya sentimita 3 au 4 ukutani na utundike misumeno juu yake, hewa ipite nyuma. Futa unga wa mbao kabla ya kupaka mafuta, kwani unga huo hushika maji na kuyabakisha juu ya chuma, na mafuta yaliyopakwa juu ya unga hutengeneza uji usiolinda kitu.

Meno yafunike kwa kijiti cha mbao kilichopasuliwa mfereji kwa msumeno, au kwa mpira wa maji uliochanwa kwa urefu. Ala za ngozi sizipendekezi kwa kuhifadhia kwa muda mrefu. Ngozi hutunza unyevu palepale penye makali. Vivyo hivyo epuka mbao zenye tanini nyingi, mfano mwaloni, zikigusa chuma moja kwa moja. Msumeno wa watu wawili ulale kwa ubavu ukiwa umeshikiliwa karibu na mipini yote miwili, meno yakiangalia chini, chini ya kimo cha bega, na uteremshwe na watu wawili hata kama mmoja anaweza kuubeba.

Swali: Karakana yetu ina mafundi sita na nafasi ni ndogo. Wiki hizi mbili mtu amegongwa kichwani na taa imevunjwa, zote kwa vifaa vinavyobebwa. Tuweke sheria gani?

Wekeni chache, mzifuate. Kifaa kirefu kikishikwa katikati na mbebaji akageuka, ncha zote mbili huchora duara lenye kipenyo sawa na urefu wake. Bomba la mita 2.4 hufagia mita 1.2 kila upande, na ncha ya nyuma huenda kinyume na ile inayoangaliwa. Kwa hiyo ndani ya karakana kifaa kibebwe wima popote dari linaporuhusu, na mbebaji asimame kabisa kabla ya kugeuka. Pasipowezekana kubeba wima, kibebwe begani, ncha ya mbele ikiwa juu kuliko vichwa vya watu, na ishuke tu mtu anapopita chini ya mlango au taa. Wakiwa wawili, wabebe bega la upande mmoja, na mmoja wao tu ndiye atoe amri za kuinua, kugeuka na kushusha.

Asipite mtu na kifaa kirefu nyuma ya anayesukuma ubao kwenye mashine. Asubiri hadi ubao umetoka wote. Mguso mdogo wa kiwiko unatosha kuupeleka mkono kwenye kisu. Taa zilizo kwenye njia ziwekewe kinga ya waya au zisogezwe. Mkitoka nje na mabomba, rula au ngazi za alumini, angalieni nyaya za umeme zilizo juu kabla ya kusimamisha chochote.

Swali: Tepe mpya za msumeno wa mashine zimefika zikiwa zimekunjwa, na kila ninapofungua moja huruka kama nyoka. Nizihifadhije?

Zihifadhi zikiwa zimekunjwa mizunguko mitatu. Utepe wa mita 3.6 ukikunjwa hivyo hutoa duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 38, ambalo hutundikwa juu ya kigingi kinene cha mbao, si msumari, maana msumari huukazia uzito mahali pamoja. Ufunge kwa kamba sehemu mbili na uandike upana wake na idadi ya meno kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa hapo.

Kufungua ndiko kunakohitaji uangalifu. Vaa miwani na glavu nene, toka nje au nenda penye nafasi, ushikilie utepe mbali na uso huku meno yakiangalia upande usio wako, kisha ukate kamba ya kwanza huku mkono mwingine ukiwa umeibana mizunguko yote mitatu. Kata ya pili, na uiachie mizunguko mmoja mmoja. Wengine huutupa utepe sakafuni ujifungue wenyewe. Unafunguka kweli, ila meno kadhaa hupotea kila mara na mtu aliye karibu huweza kukatwa mguuni. Glavu hizo zivuliwe kabla ya kuwasha mashine.

Swali: Dari la karakana yetu lina boriti wazi. Je, tunaweza kuhifadhi vifaa virefu juu yake?

Vyepesi na visivyo na makali, ndiyo: vielelezo vya mbao vya kuchorea maumbo, fito za kupimia, vipande vya reli. Klampu na misumeno, hapana. Kila kinachokaa juu huteremshwa na mtu aliye kwenye ngazi, mikono yote miwili ikiwa imeshika kifaa badala ya ngazi, na ncha moja huachia kabla ya nyingine. Vile vyepesi navyo viwekewe ukingo wa mbao pande zote ili mtikisiko wa mashine usivisogeze, na vikae juu ya eneo ambalo hakuna mtu anayesimama kufanya kazi.